Kilomita Ambazo Hakukimbia

Huku kwetu Naivasha, summer ni baridi. Mgeni akinisikia nikisema hivyo hucheka, lakini aliyewahi kufanya kazi ya maua ananielewa. Neno lenyewe tuliliokota kwa masupavaiza. Mwezi wa sita ukifika, Wazungu kule kwao wanapata jua, bustani zao zinachanua, hawana haja na waridi zetu. Oda zinapungua, na sisi tunaambiwa twende likizo isiyo na mshahara mpaka tuitwe. Hiyo ndiyo summer. Ukungu unashuka kutoka Kinangop, unavaa sweta mbili, na huna kazi.

Mwaka huo ninaousimulia walitutoa karibu nusu ya pakihausi, lile jumba tunamopanga maua kwa urefu na kuyafunga. Nilikuwa nimekaa mle ndani miaka kumi na mmoja, na nilijua vizuri likizo hiyo inavyomfanya mtu. Unafua nguo zilizo safi. Unagombana na jirani kwa sababu ya kamba ya kuanikia. Saa nne asubuhi umeshamaliza kila kitu cha siku nzima. Nikasema, wee, mwaka huu sikai kwenye chumba kimoja nikihesabu mabati.

Tulikuwa na mazoea, watu saba wa pakihausi, kukimbia pamoja Jumapili kabla ya kanisa. Si mbio za kuitwa mbio. Mmoja wetu alikimbia na sandak za plastiki, mwingine alisimama kila akiona mtu anayemjua. Lakini sasa tulikuwa tumetawanyika. Mwenzetu mmoja nyumba yake kule Kihoto iliingiliwa na maji ya ziwa, akahamia kwa dadake Nakuru. Mwingine, mwanamume mpole aliyewahi kupiga maua dawa kabla ya kuletwa pakihausi, alirudi Longonot kwa mbuzi wake. Watatu walienda makwao. Hapa Karagita, mtaa wetu, tukabaki wawili, mimi na rafiki yangu.

Rafiki yangu nimweleze mapema, kwa sababu mambo haya yote yalimwangukia yeye. Tulianza kazi wiki moja, tukapewa meza moja, yeye kushoto mimi kulia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi. Alifunga mafungu kumi mimi bado natafuta raba bendi. Kwao ni Elburgon. Tuliishi ploti moja, mlango wake ukitazamana na wangu, kiasi kwamba akikaanga kitunguu mimi ndiye ninayepiga chafya.

Mwezi wa tatu mwaka huo, akiwa kwenye chumba baridi cha kuhifadhia maua, aliinua ndoo ya maua iliyojaa maji, akateleza, na mgongo ukalia. Alisema aliusikia kwa masikio yake. Tangu siku hiyo hakuweza kuinama wala kusimama muda mrefu. Daktari aliandika barua. Kampuni ikasema itaangalia kama kweli aliumia kazini. Wakikubali, angepewa kazi nyepesi ya kukaa, kubandika lebo, na matibabu yangeendelea. Wakikataa, basi, yeye ni mtu aliyeshindwa na kazi, aende zake. Uamuzi ulikuwa mwezi wa nane. Ploti nzima ilijua, na mimi nilijua kuliko wote, maana chumba chake kilivuja na ile barua ya daktari niliitunza mimi.

Basi nikaunda grupu kwenye simu. Nikaiita Summer Yetu. Sheria zilikuwa rahisi: kila mtu anakimbia pale alipo, simu mfukoni, na app inachora njia yako kwenye ramani na kuhesabu kilomita. Ukirudi nyumbani unapiga picha ya skrini, unaituma. Kila wiki shindano jipya. Wiki moja ni kukimbia siku zote saba bila kukosa, wiki nyingine ni kupanda vilima, nyingine ni kilomita nyingi. Jumapili jioni nilitoa matokeo kwa sauti, kama mtangazaji wa redio. Mshindi nilimtengenezea cheti kwenye simu, kina maua pembeni, jina lake kubwa katikati na jina langu chini: Mwandaaji. Na wa mwisho nilimtumia picha ya mwiko. Maana yake siku tukikutana yeye ndiye wa kutupikia chai.

Aki tulicheka. Yule wa Longonot alikimbia kando ya reli na mbuzi wawili wakamfuata, ikabidi tujadili kama kilomita za mbuzi zinahesabiwa. Yule wa Nakuru alikimbia kuzunguka jengo la dadake kwa kuogopa mbwa, na ramani yake ikatoka kama uzi uliochezewa na paka. Kila asubuhi mimi ndiye niliyewaamsha. "Niaje runners!" Mimi, na umri wangu huu.

Sasa nikubali jambo moja kabla sijaendelea. Sikuanzisha ile grupu kwa ajili ya afya peke yake. Watu wanaorudishwa kazini mwezi wa tisa huitwa kwa orodha, na orodha huandikwa na supavaiza. Nilitaka jina langu liwe kichwani mwake. Kwa hivyo wiki ile ile ya kwanza nilimtumia ujumbe, "Boss, tuna grupu ya mazoezi, tukuweke uone vile watu wako wanajituma?" Akanijibu kwa kidole gumba. Nikamwingiza. Alikuwa amenunua laini mpya ambayo namba yake wengine hawakuwa nayo, na hakuwa ameweka picha. Ilikuwa namba tu.

Yule wa Nakuru akauliza, "Hii namba ni ya nani?"

Nikaandika, "Msijali, ni wa kwetu."

Ningesema ni supavaiza, grupu ingenyamaza kama baa aliyoingia chifu. Nilitaka azione kelele zetu na aone ni nani anayezipanga. Niliona ni ujanja mdogo usio na madhara. Akakaa mle ndani kimya, anasoma tu.

Rafiki yangu nilimwingiza bila kumwuliza. Akavuka ua, ameshika kiuno, amejifunga leso juu ya chupa ya maji moto.

"Umeniweka kwa hiyo grupu ya nini? Si unajua mgongo yangu."

"Hata kutembea inahesabika."

"Kutembea hadi choo?"

"Hata hiyo! Kwani unataka kuoza kwa nyumba?"

Hakucheka. Alisema atakaa tu asome za wenzake. Mimi nikakataa. Nilikuwa na imani yangu kwamba mtu akikaa ndiyo anagonjeka zaidi, imani niliyoipata wapi sijui, kwa mama yangu labda, ambaye alimponya kila mtu kwa kumpa kazi. Jumapili ya kwanza nikamtumia mwiko. Jumapili ya pili mwiko tena, na sauti yangu ikisema, "Huyu mama wa Elburgon anapenda chai jameni, anataka kutupikia mwaka mzima!" Wakacheka wote. Niliona kupitia mlango wangu alivyoisikiliza ile sauti, amekaa kizingitini na simu sikioni, kisha akaiweka simu chini taratibu.

Wiki ya tatu kilomita zake zikaanza kuingia. Nne. Kesho yake sita. Kesho kutwa saba. Nilipiga kelele kutoka mlangoni, "Wee! Umepona?"

"Naenda tu polepole," akasema, na akafunga pazia.

Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilitazama. Niliifungua ile ramani nikaikuza kwa vidole viwili. Mstari ulianza kwenye geti letu. Ukaingia ploti ya pili, ukasimama. Ukatoka, ukaingia ploti ya tatu, ukasimama. Ukazunguka nyuma ya bucha, ukapita kila mlango wa ile laini ya mabati mekundu, ukafika barabara ya ziwa, ukarudi. Hakuna mtu anayefanya mazoezi hivyo. Ile ni njia ya mama mboga, anayeuza mlango kwa mlango. Mimi mwenyewe hununua sukuma kwake na najua anapoanzia na anapomalizia.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nje namwaga maji ya vyombo. Mama mboga akaja na kapu lake kichwani. Rafiki yangu akatoa mkono nje ya pazia, akampa simu, na yule mama akaitia kwenye mfuko wa aproni yake akaenda zake. Mimi nikageuka nikaendelea kumwaga maji.

Kwa nini sikusema kitu? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni baya. Grupu ilikuwa inalegea. Watu walikuwa wamechoka, bando linaisha, wengine wamepata vibarua vya shamba. Hizi kilomita za rafiki yangu ziliwafufua. "Kama huyu na mgongo wake anaenda saba, wewe kisingizio chako ni kipi?" Niliandika hivyo, kwa herufi kubwa. Nilimtumia kama fimbo ya kuwachapia wenzake, na ilifanya kazi vizuri.

Wiki ya nne shindano lilikuwa la kilomita nyingi. Mama mboga alikuwa na wiki nzuri, nyanya zilikuwa bei ya chini na watu walinunua, akatembea mpaka Jumamosi jioni. Rafiki yangu akashinda wote, hata yule wa Longonot na miguu yake ya chuma. Nikakaa nikatengeneza cheti kizuri kuliko vyote. Malkia wa Wiki, nikaandika. Na chini ya jina lake nikaongeza maneno ambayo hakuna aliyeniomba: Ameushinda mgongo, ametushinda wote.

Kabla pongezi hazijaisha, ile namba isiyo na picha ikatuma kidole gumba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa sauti. Na mimi, mjinga mimi, nilifurahi! Nilijiambia kazi yangu imeonekana.

Rafiki yangu alikuja mlangoni kwangu bila leso, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Toa hiyo kitu."

"Kwa nini? Ni ya sisi tu."

"Nimesema utoe. Mimi nilifanya ndio uache kunitumia mwiko. Sikukimbia hata moja, na wewe unajua."

"Sasa si watu wanakupongeza? Nani ataumia?"

Alinitazama muda. Alikuwa na namna ya kutazama akichoka, macho yanabaki pale lakini yeye hayupo. Kisha akarudi kwake, akivuta mguu wa kushoto, na mimi sikukitoa kile cheti. Nilikuwa nimekipenda.

Mwezi wa nane akaitwa ofisini. Akaniomba niende naye, niwaeleze vile anavyoishi: kwamba ni mimi ninayemchotea maji, kwamba hawezi kuvaa soksi bila kukaa kitandani, kwamba usiku anageuzwa na maumivu. Nilivaa nguo zangu za kanisa. Nilitoa barua ya daktari nikaipangusa. Njiani nilikuwa nikifanya mazoezi ya kuyasema maneno yangu, na nilijiona mtu wa maana sana.

Ofisa wa wafanyakazi alikuwa mama wa makamo, mwenye adabu, aliyetuita "akina mama" na kutupa viti. Kando ya dirisha alikaa supavaiza wetu, anatazama nje kwenye greenhouse kama mtu anayengoja lori. Ofisa akaisoma barua ya daktari mpaka mwisho. Akaiweka mezani. Halafu akafungua faili, akatoa karatasi nyingine, akaiweka juu yake.

Ilikuwa ni kile cheti. Kimechapishwa kwa rangi. Maua pembeni, jina lake katikati, na jina langu chini.

"Hii ni nini?" akamwuliza rafiki yangu, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo.

Rafiki yangu alikitazama. Akasema, "Ni mchezo."

"Mchezo wa kukimbia kilomita arobaini kwa wiki?"

Ndipo nikafungua mdomo. Nilisema yote. Nilisema hakukimbia, kwamba simu ilibebwa na mama mboga, kwamba mimi nilimchokoza kwa mwiko mpaka akaona aibu, kwamba yale maneno ya mgongo niliyatunga mimi. Nilisema haraka, nikirukaruka, jasho likinitoka kwenye ile baridi yote. Sikuwahi kusema ukweli mwingi hivyo kwa mara moja maishani mwangu. Ofisa akaningoja nimalize.

"Jina hili ni lako?"

"Ndiyo, madam."

"Kwa hivyo uliandika uongo ukaweka jina lako."

"Ndiyo."

"Na ulijua ni uongo wakati unaandika."

"Nilijua."

"Sasa mama, leo umekuja kumtetea rafiki yako. Nikuamini siku gani, ile ama hii?"

Nikasema mwiteni mama mboga, mmwulize. Akasema mama mboga naye ni jirani yetu, si ndiyo? Nikasema ndiyo. Akaandika kitu. Nikasema basi mwangalieni, muoneni anavyokaa! Na kweli rafiki yangu alikuwa amekaa upande mmoja wa kiti, mkono umebana meza, uso umejaa maumivu kiasi kwamba mtoto mdogo angejua. Ofisa alimtazama, na nadhani aliona. Nadhani aliona vizuri kabisa. Lakini karatasi ilikuwa pale mezani, na karatasi hailii.

"Hii ilitufikia," akasema, "na ikishafika siwezi kusema sikuiona."

Wiki mbili baadaye barua ilikuja. Haikuthibitika aliumia kazini. Walimshukuru kwa utumishi wake.

Lakini nirudi siku ile ya ofisini, tulipotoka getini. Kulikuwa na vumbi, lile vumbi letu jeupe jepesi linaloingia mpaka kwenye meno. Tulitembea polepole kwa sababu yake. Hakulia. Alitoa simu, akatoka kwenye grupu hapo hapo barabarani, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Ni nani aliwapelekea?"

Hapo ndipo. Kama kuna saa moja katika maisha yangu ningependa nirudishiwe, ni hiyo, na barabara ilikuwa tupu, na hakuna mtu aliyekuwa anatusikiliza. Niliogopa. Sikuogopa kwamba angenipiga au angenitukana; niliogopa ule uso wake wa kuchoka. Nikasema, "Hata mimi nashangaa."

Nilipofika kwangu nilifunga mlango nikaitoa ile namba kwenye grupu. Nilisahau kwamba simu hutangaza kila kitu. Wote wakaona nimeiondoa. Yule wa Nakuru akauliza kumetokea nini, nikamwambia ilikuwa namba iliyoingia kwa makosa. Yule wa Longonot hakuuliza. Alitoka kwenye grupu bila kwaheri, na jioni akanipigia.

"Ile namba ulisema ni ya kwetu," akasema. "Ilikuwa ya supa, si ndiyo?"

Nikapunguza sauti ya simu, rafiki yangu asisikie ng'ambo ya ua.

"Basi mwambie. Mimi sitamwambia, si yangu kusema. Lakini mwambie wewe, na haraka, kabla hajaanza kutafuta mtu wa kumchukia." Kisha akauliza mgongo wake unaendeleaje, na akakata simu.

Sikumwambia. Kila siku nilikuwa na sababu. Leo ameamka vibaya. Leo amepata barua. Leo ana wageni. Na yeye, kama mzee yule wa mbuzi alivyosema, alianza kutafuta. Aliwapima mmoja mmoja, ila ile namba isiyo na picha hakuihesabu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeidhamini. Yule wa Nakuru alimwondoa, ni mwoga mno. Wale watatu wa makwao bando lao lilikuwa limeisha zamani. Mwishowe akafika kwa mtu ambaye, kama alivyosikia kwa wenzetu, alikuwa ametoka kwenye grupu siku ile ile, bila neno, kama mwenye hatia.

"Ni yule wa Longonot," akaniambia tukichambua maharagwe. "Mimi nilimshinda wiki hiyo akaona wivu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Hatuwezi kuwa na uhakika," nikasema.

"Mbona alitoka?"

Niliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. Yule mwanamume alimtumia jibini la mbuzi na dawa ya kuchua mgongo kwa mtu wa bodaboda. Rafiki yangu alikataa kuvipokea. Vilikaa kwa kioski siku tatu, kisha mwenye kioski akaniuliza kama navitaka mimi. Tulipokutana naye sokoni Naivasha, alitoa mkono kusalimia, na rafiki yangu akampita kama nguzo ya stima. Yule bwana akanitazama mimi. Akafunga mkono wake akauingiza mfukoni.

Mwezi wa tisa orodha ikatoka, na jina langu lilikuwa la pili. Ujanja wangu ulifanya kazi. Niliporudi pakihausi supavaiza aliniambia nisimame kushoto, pale pa rafiki yangu, kwa sababu upande huo uko karibu na mlango wa chumba baridi na wanahitaji mtu mzoefu. Nilisimama hapo. Ningekataa, lakini sikukataa. Kodi ya chumba haingoji mtu ajute. Upande wangu wa kulia wakaweka msichana mgeni ambaye aliniuliza hapo niliposimama zamani alisimama nani. Nikamwambia mama mmoja, alienda.

Jioni na Jumapili nilimtumikia. Nilifua, nilipika, nilimchua mgongo kwa mafuta ya kununua. Majirani walinisifu mpaka nikaona haya kutoka nje. "Rafiki kama huyu hapatikani siku hizi," mama mboga alisema, na yeye mwenyewe alikuwa amejilaumu sana, maskini, kwa kubeba ile simu. Alikuwa anamletea sukuma bure. Mimi nilikaa katikati ya wema wao wote nikila chakula changu, na kilikuwa kinashuka, hilo ndilo lililonishangaza. Nilidhani mtu kama mimi hawezi kula.

Mwezi wa kumi alishindwa na kodi, akaamua kurudi Elburgon kwa mama yake. Kule maji yako bondeni na nyumba iko juu. Alijua, nilijua, hatukulizungumzia. Ndugu yake akaja na pikapu. Vitu vyake havikujaza hata nusu: kitanda, jiko la gesi dogo, masufuria, begi mbili. Mimi ndiye niliyebeba kila kitu, sikumruhusu ainue hata kikombe, na ndani yangu nilikuwa nikisema, sasa, sasa kabla injini haijawaka, sema. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilikuwa nimeamka nayo mdomoni.

Akakaa mbele, polepole, mguu mmoja kisha mwingine, ndugu yake akimshika kiwiko. Akateremsha kioo. Akaniita nikaribie, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu uso wake ulikuwa umetulia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, nimeshasema.

"Katika wote," akaniambia, "ni wewe tu hukuniuza. Mungu akubariki."

Nikasema, "Amina."